Matundu ya boneti

Matundu ya boneti ni nafasi zilizokatwa katika boneti ya gari, yaani kifuniko cha sehemu ya injini, ili hewa ya moto iweze kutoka. Baadhi ya magari hutoka kiwandani yakiwa na matundu ya namna hiyo. Mengine hukatwa baadaye na wenye magari au na mafundi wa bodi, hasa kwa ajili ya mashindano, kwa magari yaliyoongezewa nguvu ya injini, au kwa gari linalochemsha mara kwa mara.

Faida ya matundu hayo hutegemea mahali yalipo kuliko ukubwa wake. Tundu lililokatwa sehemu ya mbele ya boneti na tundu lililokatwa karibu na kioo cha mbele yanaweza kufanya kazi zilizo kinyume: la kwanza hutoa hewa, la pili huiingiza. Tena boneti ikishakatwa hairudi kama ilivyokuwa. Kwa sababu hiyo kupima kabla ya kukata ni sehemu muhimu ya kazi hii.

Aina

Katika mazungumzo ya kawaida kila kitu kilichotokeza au kilichotobolewa juu ya boneti huitwa kwa jina moja, lakini kuna aina nne zinazotofautiana:

- Tundu la kutolea hewa: nafasi iliyo wazi au yenye wavu, kwa kawaida nyuma ya rejeta, ambamo hewa iliyopita kwenye rejeta hutoka.
- Luva: mistari ya vipande vilivyoinama, kama luva za madirisha ya nyumba. Luva za asili hazipunguzi bati. Bati hukatwa upande mmoja tu kisha husukumwa juu kwa mashine ya kugandamiza.
- Mdomo wa kuingizia hewa: sehemu iliyoinuka na kuelekea mbele, ambayo kazi yake ni kukamata hewa baridi na kuipeleka kwenye injini au kwenye intakula ya tabo. Mdomo huu si wa kutolea joto.
- Pambo: umbo la plastiki au faiba lililobandikwa juu ya boneti isiyotobolewa. Halipoozi chochote.

Jinsi yanavyofanya kazi

Katika injini ya petroli, takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta hugeuka kuwa mwendo. Sehemu kubwa ya inayobaki hutoka kama joto kupitia ekzosi na kupitia maji ya rejeta. Maji hayo huzunguka katika injini, huchukua joto, kisha hulitoa kwa hewa inayopita katikati ya mapezi ya rejeta.

Hewa hupita kwenye rejeta kwa sababu shinikizo (pia: kanieneo) lililo mbele yake ni kubwa kuliko lililo nyuma yake. Gari likienda kasi, hewa hujazana mbele ya rejeta. Lakini hewa iliyokwisha kupita lazima itoke mahali fulani. Katika magari mengi hutoka chini ya gari, ikipenya kati ya injini, mabomba na matairi. Njia hiyo ikiwa finyu, shinikizo hupanda ndani ya sehemu ya injini, tofauti kati ya mbele na nyuma ya rejeta hupungua, na hewa inayopita huwa kidogo.

Kwa hiyo tundu zuri halifanyi kazi kwa kuachia joto kupanda tu. Kazi yake kubwa ni kupunguza shinikizo nyuma ya rejeta ili hewa nyingi zaidi ipite. Faida nyingine ni kwamba hewa iliyokuwa ikiingia chini ya gari hutoka juu, na hivyo nguvu inayoinua pua ya gari kwenye mwendo mkali hupungua. Ndiyo sababu magari ya mashindano huwa na matundu hata pale ambapo injini haina tatizo la joto.

Gari likiwa limesimama hali ni tofauti. Hapo hewa ya moto hupanda na kutoka kwenye uwazi wowote ulio juu, popote ulipo. Jambo hili huwadanganya wengi: mtu hukata tundu karibu na kioo, husimamisha gari, huona mvuke wa joto ukitoka, na kuamini kwamba kazi imefaulu. Akiingia barabarani tundu lilelile huanza kuingiza hewa.

Mahali pa kukata

Hewa inayokutana na gari hupanda na kujipinda kwenye ukingo wa mbele wa boneti. Hapo mwendo wake huongezeka na shinikizo hushuka. Inapoendelea kurudi nyuma shinikizo hupanda tena, na mbele ya kioo, ambapo hewa hugonga na kupunguza mwendo, huwa kubwa. Magari mengi huvuta hewa ya ndani ya kabini kutoka chini ya kioo kwa sababu hiyohiyo: hewa huingia hapo yenyewe.

Kwa kawaida theluthi ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya rejeta, ndiyo inayofaa kutolea hewa. Theluthi ya nyuma haifai. Hata hivyo umbo la kila gari ni tofauti, na gari lenye pua bapa na wima halipitishi hewa sawa na lenye pua ya kushuka.

Njia moja inayojulikana sana ni kuinua upande wa nyuma wa boneti kwa kuweka washa kwenye bawaba. Haihitaji kukata bati, na gari likisimama joto hutoka kweli. Gari likienda kasi, hewa ya mbele ya kioo huingia kupitia mwanya huo na kuongeza shinikizo ndani, yaani kinyume cha kilichokusudiwa. Aidha harufu ya mafuta, na hata moshi wa ekzosi inayovuja, vinaweza kuvutwa hadi kabini. Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua.

Nguvu ya upepo huongezeka haraka kuliko mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, shinikizo la upepo huongezeka mara nne. Kwenye usawa wa bahari shinikizo hilo ni takriban paskali 165 kwa kilomita 60 kwa saa, paskali 460 kwa kilomita 100, na paskali 670 kwa kilomita 120. Tofauti inayopatikana kati ya juu na chini ya boneti ni sehemu tu ya kiasi hicho. Kwa hiyo kwa gari linalotumika mjini, ambalo mara nyingi liko kwenye foleni, faida ya matundu ni ndogo.

Kupima kabla ya kukata

Kuna vipimo viwili rahisi visivyohitaji vifaa vya gharama.

Cha kwanza ni nyuzi. Vipande vya nyuzi za sufi vya urefu wa sentimita 8 hivi hubandikwa kwa utepe kwenye boneti, kwa safu. Gari huendeshwa na mtu mmoja, huku mwingine akitazama au kupiga picha akiwa ndani ya gari. Nyuzi zilizolala zikielekea nyuma huonyesha hewa inayopita vizuri. Zinazozunguka au kugeuka huonyesha mahali hewa imevurugika. Nyuzi huonyesha mwelekeo, lakini hazipimi shinikizo.

Cha pili ni kipimo cha maji, kinachojulikana na kila aliyesoma fizikia ya sekondari. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani hupindwa kwa umbo la herufi U, hutiwa maji yenye rangi kidogo, na hufungwa kwenye ubao ndani ya kabini. Mwisho mmoja hupelekwa nyuma ya rejeta, mbali na feni na mikanda. Mwisho wa pili hupelekwa juu ya boneti mahali panapofikiriwa kukatwa. Mwisho huo usielekezwe kwenye upepo, maana utapima nguvu ya upepo wenyewe. Hubandikwa chini ya kipande bapa cha plastiki chenye tundu dogo upande wa juu.

Gari likienda kwa mwendo wa kudumu, maji hushuka upande wenye shinikizo kubwa. Yakishuka upande wa injini, hewa itatoka mahali hapo tundu likikatwa. Yakishuka upande wa boneti, hewa itaingia. Tofauti ya milimita 10 za maji ni sawa na takriban paskali 98. Mpira ukilazwa kwa mteremko, tofauti ndogo huonekana kwa urahisi zaidi. Anayesoma kipimo lazima awe abiria, si dereva.

Gari linalochemsha

Watu wengi hufikiria kukata boneti kwa sababu gari linachemsha. Gari lililotoka kiwandani bila matundu lilitengenezwa lisichemshe bila matundu. Likianza kuchemsha, kuna kitu kilichoharibika, na tundu linaweza kuficha dalili hadi injini ife.

Wakati gari linapochemsha huelekeza mahali pa kutazama:

- Likichemsha kwenye foleni na kupoa likitembea, chanzo mara nyingi ni feni, swichi yake, au mkanda uliolegea.
- Likichemsha kwenye mwendo kasi au mlimani, chanzo kinaweza kuwa rejeta iliyoziba, mpira wa maji unaojibana, pampu dhaifu, au hewa inayopita pembeni ya rejeta kwa sababu vizibo vyake vimeanguka.
- Likichemsha muda mfupi baada ya kuwashwa, themostati inaweza kuwa imekwama ikiwa imefungwa.
- Maji yakipungua bila kuonekana yanakovuja, au mapovu yakitoka kwenye rejeta, gasketi ya silinda hedi inaweza kuwa imeungua.

Kifuniko cha rejeta nacho hukaguliwa. Kifuniko kizima hushikilia shinikizo, na kwa hiyo maji huweza kufika takriban nyuzi 120 za Selsiasi bila kuchemka. Kifuniko kilichochoka huacha maji yachemke kwenye nyuzi 100, na mapema zaidi katika miji ya nyanda za juu kama Nairobi, ambako maji katika chombo kilicho wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, kwani maji hulipuka na kuunguza uso na mikono.

Silinda hedi ya alumini hupinda injini ikichemsha sana. Gharama ya kuirekebisha ni kubwa mno ikilinganishwa na themostati au mkanda wa feni.

Kutengeneza nyumbani

Boneti nyingi zina tabaka mbili: bati la nje na mbavu za ndani zinazoipa nguvu. Kazi huanza kwa kutazama chini ya boneti na kuchora mahali mbavu zilipo. Mbavu, sehemu za bawaba na sehemu ya loki hazikatwi. Boneti iliyopoteza mbavu hutetemeka, na loki iliyodhoofishwa huweza kuachia boneti ifunguke ghafla mwendoni na kugonga kioo.

Mtengenezaji mwangalifu hununua boneti ya mtumba na kuifanyia kazi hiyo, huku akihifadhi ya kwanza. Hatua za kawaida ni hizi:

1. Kuhakikisha kuna nafasi kati ya tundu na vitu vya chini kama rejeta, feni na betri.
2. Kutengeneza kielelezo cha karatasi ngumu, kukibandika, na kukitazama kutoka pande zote ili kiwe katikati au kilingane pande mbili.
3. Kubandika utepe wa karatasi juu ya rangi na kuchora mstari juu yake.
4. Kutoboa tundu la mviringo kwenye kila pembe kwa drili. Pembe kali ni chanzo cha nyufa. Pembe ya mviringo huzuia ufa usianze.
5. Kukata kwa msumeno wa umeme wenye meno madogo, polepole. Grainda hukata haraka, lakini cheche zake huunguza rangi na kuingia kwenye kioo.
6. Kulainisha kingo kwa tupa, kisha kuzipaka praima ya kuzuia kutu na rangi siku hiyohiyo.
7. Kufunga fremu ya luva kwa riveti au skrubu.

Betri huchomolewa na injini hufunikwa, au boneti huondolewa kabisa garini. Miwani ya kinga na glavu ni lazima.

Luva za nyumbani hutengenezwa mara nyingi kwa bati la alumini la unene wa milimita 1 hadi 1.5. Alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi huliwa haraka, kwa hiyo silikoni au rangi huwekwa kati yake, jambo muhimu zaidi kwa magari ya miji ya pwani. Wengine hutumia plastiki iliyochapishwa kwa printa ya 3D. Plastiki ya PLA haifai, kwa kuwa huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, joto ambalo hufikiwa kwa urahisi chini ya boneti. ABS na ASA huvumilia zaidi.

Ukingo mdogo uliosimama mbele ya tundu, wa sentimita moja au mbili, huinua hewa inayopita na kupunguza shinikizo nyuma yake, hivyo husaidia tundu kuvuta. Wazo hilo lina undugu na kibao kidogo kilichowekwa na Mmarekani Dan Gurney kwenye ukingo wa bawa la gari la mashindano mwaka 1971, ingawa kibao chake kilikusudiwa kugandamiza gari barabarani.

Mvua, vumbi na moto

Tundu linalotoa hewa mwendoni hupokea mvua gari linaposimama. Kwa sababu hiyo halikatwi juu ya alteneta, koili, distribyuta, kisanduku cha fyuzi wala mlango wa hewa ya injini. Trei ndogo yenye mpira wa kupeleka maji chini huzuia sehemu kubwa ya tatizo. Wengine hufunika matundu kwa kibao cha plastiki gari linapoegeshwa.

Boneti nyingi zina godoro la kuzuia joto na kelele. Likikatwa, kingo zake lazima zibanwe. Nyuzi zinazoning'inia zikigusa ekzosi huweza kushika moto. Moto ukitokea, uwazi juu ya boneti huupa hewa zaidi. Mafuta yanayovuja yanaweza pia kurushwa juu na kuchafua kioo, hivyo uvujaji wote hurekebishwa kwanza.

Usalama wa watu na sheria

Boneti si kifuniko tu. Katika ajali ya mbele, mbavu zake hujikunja mahali palipopangwa ili bati lisiingie kabini kupitia kioo. Mtembea kwa miguu akigongwa, kichwa chake mara nyingi huangukia boneti, na kupinda kwa bati ndiko kunakopunguza kishindo. Kingo kali au fremu ngumu ya chuma mahali hapo inaweza kugeuza jeraha kuwa kifo.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 26, inayohusu vitu vinavyotokeza nje ya gari, hutaka kingo ziwe na mviringo wa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5. Kanuni namba 127 inahusu usalama wa watembea kwa miguu. Nchi zinazofuata kanuni hizo huzitumia kuidhinisha magari mapya. Nchini Ujerumani mabadiliko yanayoweza kuhatarisha watu huweza kuondoa kibali cha gari kutumika barabarani mpaka likaguliwe. Kampuni za bima nazo kwa kawaida hutaka kujulishwa mabadiliko ya gari, na mwenye gari asiyesema anaweza kukataliwa malipo.

Historia

Magari ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa na boneti za kufunguliwa pande mbili, na luva kwenye ubavu zilikuwa jambo la kawaida. Bugatti Type 35 ya mwaka 1924 na Bentley 4½ Litre ni mifano inayojulikana.

Katika miaka ya 1930 vijana wa California, Marekani, walinunua magari ya Ford yaliyotumika, wakayaongezea nguvu na kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Chama chao cha SCTA kilianzishwa mwaka 1937, na kuanzia 1949 kiliandaa wiki ya mbio kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah. Safu za luva zilizogandamizwa kwenye boneti zikawa alama ya magari hayo.

Ford GT40, iliyoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans kila mwaka kuanzia 1966 hadi 1969, ilitoa hewa ya rejeta kupitia juu ya pua yake. Chevrolet Chevelle SS ya 1970 ilionyesha kinyume: iliweza kununuliwa ikiwa na kifuniko kilichofunguka karibu na kioo ili kuingiza hewa kwenye injini. Matundu ya kutolea hewa yalionekana tena kwenye magari yaliyotokana na mashindano ya rali, kama Lancia Delta Integrale na Ford Escort RS Cosworth ya 1992.

Leo kazi ya nyumbani huonekana zaidi katika mashindano ya gharama ndogo, kwa mfano 24 Hours of LeMons yaliyoanza Marekani mwaka 2006, ambako gari lenyewe, bila vifaa vya usalama, lilitakiwa lisizidi dola 500.

Afrika ya Mashariki

Magari ya Safari Rally ya Kenya yameeneza sana sura ya boneti yenye matundu na midomo. Mitsubishi Lancer Evolution ilishinda mwaka 1996 ikiendeshwa na Tommi Mäkinen, na Subaru Impreza mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae. Magari hayo yalikuwa pia na bomba refu la kuvutia hewa juu ya vumbi na maji ya mito.

Mdomo ulio kwenye boneti ya Subaru Impreza WRX na baadhi ya Forester zenye tabo hupeleka hewa kwenye intakula iliyolala juu ya injini. Mdomo huo ukihamishiwa gari lisilo na intakula mahali hapo, huingiza hewa kwenye sehemu ya injini na kuongeza shinikizo nyuma ya rejeta. Kilichokusudiwa kupooza injini huweza hivyo kuifanya iwe moto zaidi.